Neno Nililolisema Mlangoni

Mwanangu Manka,

Habari za koti zito, dawa za mafua na simu ya yule dada wa Kitanzania atakayekupokea, mama yako amekwisha kuzimaliza. Amezirudia mara tatu tangu adhuhuri, nawe umeitikia "Ndiyo, Mama" mara tatu. Sina la kuongeza huko. Nimekaa kwenye meza ya chumba cha mbele, chini mtaani wanafunga maturubai, nami nakuandikia jambo ambalo nilipaswa kukuambia miaka miwili iliyopita.

Tulipokuwa tukila, mama yako alikuuliza kama unaogopa. Ulicheka. Ukasema, "Mama, huko wamenichukua kwa sababu hawanijui. Hapa wananijua, ndiyo maana walinikataa." Kisha ukaomba usogezewe mboga. Mama yako alinitazama, maana alitaka niseme neno la kukutia moyo. Nikaendelea kula. Ulichokisema si kweli, Manka, na uongo huo niliutengeneza mimi.

Nitaanzia mbali, kwa sababu wewe ni mwanahistoria na hupendi kuletewa hitimisho kabla ya ushahidi.

Ulikuwa na miaka minane. Ilikuwa Jumamosi, nikakupeleka sokoni Kariakoo kwa sababu mama yako alitaka mihogo na karanga. Unajua tabia yangu ya kufundisha mahali popote. Nilisimama mbele ya meza ya mama mmoja muuza mihogo nikakuambia kwamba muhogo si wa kwetu. Wala mahindi, wala karanga, wala nanasi, wala pilipili. Vyote vilitoka Amerika. Ukauliza nani aliyevileta. Nikakuambia ni Wareno.

"Mreno gani?"

"Wareno, Manka. Mabaharia."

"Alikuwa anaitwa nani? Na huko alikoutoa, aliomba kwa nani?"

Yule mama muuza mihogo alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, leo umepatikana," akasema. "Haya, mjibu mtoto. Huo muhogo alipewa au aliiba?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka naye. Nilikushika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikakuambia usiulize maswali ya kijinga. Nyumbani ulimwuliza mama yako swali lilelile, naye akakuambia kwamba ya muhogo hayajui, ila anajua ya mkonge. Baba yake alikata mkonge maisha yake yote kule Korogwe, na msimamizi mmoja aliwahi kumwambia kwamba mmea ule ulitoka Meksiko, kwa watu wanaokata vilevile, kwa panga vilevile, na kuchomwa na miiba vilevile. Babu yako alikuwa akiwawaza watu hao. Alikuwa akijiuliza kama nao hulipwa kwa hesabu ya mafungu waliyokata.

Mimi nikasema kutoka kwenye kiti changu, "Historia si hadithi za wakata mkonge."

Mama yako alikuwa akimenya mihogo. Alisema, "Sawa, Mwalimu." Unajua kwamba huniita Mwalimu akiwa amekasirika tu. Siku nyingine mimi ni Baba Manka.

Baadaye niliandika kile kitabu cha shule, nacho unakijua. Habari za mkonge zilichukua mistari minne. Katika mistari hiyo mna kampuni, mna reli, mna bandari ya Tanga. Hakuna mtu hata mmoja.

Hukuacha kuuliza swali lako. Ulilipeleka chuoni, ukalipeleka kwenye maghala ya mashamba ya Tanga ambako makaratasi ya zamani yameliwa na mchwa, kisha ukalipeleka Yukatani, huko Meksiko, kwa wazee waliokata mmea uleule ng'ambo ya pili. Ulirudi na udaktari wako, na madaftari ambayo mama yako aliyapanga juu ya kabati, na Kihispania ambacho ulikitumia kuwatania Wamachinga wa mlangoni kwetu. Niliyasoma madaftari yale yote, kila ulipokuwa kanisani. Sijawahi kukuambia hilo pia. Sijapata kuona mtu aliyeusoma waraka mmoja kwa subira kama ile, akahesabu majina ya vibarua karatasi kwa karatasi, akaandika pembeni pale ambapo jina limefutika.

Kisha Idara yangu ya zamani ikatangaza nafasi ya mhadhiri wa historia ya Amerika ya Kilatini na ya kanda yetu. Watu walisema tangazo lile limekatwa na kushonwa kwa kimo chako. Kamati ya usaili ilikuwa na watu watatu, nao wote nilikuwa nimewafundisha. Waliniomba mimi, mstaafu, niwe mjumbe wa nne kutoka nje. Siku nilipoona jina lako kati ya waombaji nilipaswa kujitoa. Sikujitoa. Niliandika barua ya kueleza kwamba mwombaji mmoja ni binti yangu, na kwamba nitatoka chumbani atakapojadiliwa, kama taratibu zinavyotaka. Barua ilikuwa safi kabisa. Nilipenda kuonekana nikifuata taratibu.

Mhadhara wako wa majaribio niliusikiliza, kwa kuwa mihadhara ile ilikuwa ya wazi kwa wote. Nilikaa mstari wa mbele. Ulianza na meza ya muuza mihogo, pale Kariakoo. Ukasimulia alivyocheka. Kisha ukasema, "Mwalimu mmoja, tena ninayempenda, aliniambia nisiulize maswali ya kijinga. Nimetumia miaka sita kuuliza swali hilo moja la kijinga."

Ukumbi ulicheka. Walikuwa wakinigeukia, mmoja baada ya mwingine. Hata yule mama aliyeleta chai alisimama na birika lake akanitazama. Halafu ukaweka ukutani ile mistari yangu minne. Hukuandika jina la kitabu, na hapakuwa na haja. Wote waliokuwa mle waliikariri wakiwa shuleni. Ukauliza, "Watu wako wapi?" Ukaanza kuwaleta, mmoja mmoja, wa Yukatani na wa Tanga, kwa majina yao. Wa mwisho alikuwa babu yako.

Nimesikiliza mihadhara mingi ya majaribio katika ukumbi ule. Wako ndio uliokuwa bora kuliko yote, na ninaomba uliweke neno hilo mahali ambapo hutalipoteza, kwa sababu halitoki kwa mtu anayekupenda. Saa ile nilikuchukia. Nimetafuta neno jepesi zaidi la kuandika hapa, sikulipata.

Mchana kamati ilikaa. Ilipofika zamu yako nilisimama, nikachukua kofia yangu, nikaenda mlangoni. Mwenyekiti alisimama pia kwa heshima. Akasema, "Mwalimu, samahani. Kabla hujatoka. Wewe ndiye unayemjua kuliko sisi. Tupe neno moja tu, la mzee."

Unajua mambo yetu. Mzee akiombwa neno hawezi kuondoka hivihivi, na walioomba hawawezi kulipuuza akisha kulisema. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kusema "Mungu awaongoze" nikatoka, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilikuwa nimeshika kitasa. Nikasema, "Ni msimulizi mzuri. Lakini si mtafiti. Nyaraka zinamchosha."

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje, nikaletewa chai, nikanywa. Mle ndani hawakuchukua hata muda wa kikombe kimoja.

Nafasi alipewa kijana ambaye simtaji, maana hana kosa lolote. Wewe mwenyewe ulimtumia makala zako mbili ili zimsaidie kufundisha.

Kama ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye kijicho tu, na wapo wengi. Lakini jioni majibu yalipofika ulikuja chumbani kwangu na barua ya chuo mkononi, ukakaa kitandani, ukasema, "Baba, nilikosea wapi? Niambie ukweli, mimi si mtoto." Nami nikakuambia, "Pengine ni nyaraka, mwanangu. Rudi kwenye nyaraka."

Nilichukua uongo niliowaambia wao nikakupa wewe uwe ushauri. Ukanishukuru. Ukarudi Tanga miezi mitatu kusoma upya makaratasi uliyokwisha kuyasoma, katika ghala lile lisilo na dirisha, ukarudi na kikohozi ambacho mama yako alikihangaikia mpaka Pasaka. Nilikununulia machungwa. Nilikuwa nikikaa kando ya kitanda chako nakumenyea, nawe ukimwambia mama yako, "Muone Baba, siku hizi amekuwa mpole."

Kisha ukaingia dukani. Miaka miwili ulikaa katikati ya masufuria, mabeseni na chupa za chai za mama yako. Wabeba mizigo walikuita Dokta, na wateja waliosikia jina hilo wakaanza kukueleza maumivu yao ya mgongo. Siku moja nilikuwa napita, nikasimama upande wa pili wa mtaa. Mama mmoja wa Kipwani, aliyekuja kununua masufuria ya harusi, alikuwa akikusaili.

"Dokta wa nini wewe, kama si wa wagonjwa?"

"Wa historia, mama."

"Historia ya nani?"

"Ya wakata mkonge wa Meksiko na wa Tanga."

"Makubwa," akasema. "Na wote hao wamekufa?"

"Wengi wao."

"Basi mwanangu, mgonjwa wako hakutoroki. Haya, nipunguzie hilo sufuria la namba kumi, mimi bado ni mzima."

Ulicheka kwa sauti. Ulimpunguzia. Mimi nilivuka mtaa nikaingia duka la jirani kununua gazeti, nikajiambia kwamba umeridhika, kwamba damu ya biashara ya mama yako imekushinda, kwamba huenda nilikuwa sahihi. Nilijiambia hayo huku nikiwa nimesimama hatua ishirini kutoka kwako, na nikayaamini kwa muda.

Wale wa Amerika walipotangaza nafasi yao, hukuniambia. Niliambiwa na mama yako. Chuo kilichoko karibu na mpaka wa Meksiko, wanafunzi wake wengi wakiwa watoto na wajukuu wa watu waliotoka ng'ambo ile, kilitafuta mhadhiri kijana wa historia ya Walatino na ya kanda hiyo ya mpakani. Walikusaili kwa kompyuta, ukiwa hapa juu. Siku hiyo mama yako alishuka mtaani kuwatuliza watu wa mikokoteni. "Jamani, nusu saa tu, mtoto anasailiwa na Wamarekani."

"Mama Manka, waache wasikie," mmoja akamjibu. "Wakimchukua, watuambie na sisi kama kuna mzigo huko."

Nilikuwa ngazini. Ndiyo, nilisikiliza, tayari umejua mimi ni mtu wa namna gani. Walikuuliza kwa nini Mtanzania awafundishe watoto wa Kimeksiko historia yao. Ukawaambia kwamba mmea waliokata babu zao uliletwa kwetu, ukakatwa na babu yako, na kwamba babu yako aliwafikiria watu hao miaka yote bila kujua nani wa kumwuliza habari zao. Basi wewe unakwenda kumwulizia. Kisha mwanamke mmoja, mwenye sauti ya upole, akakuuliza udhaifu wako ni upi katika kazi hii.

Ukasema, "Nyaraka. Nimeambiwa kwamba sina subira ya nyaraka."

"Nani aliyekuambia?"

"Mtu anayejua."

Nilishuka ngazi nikaenda kutembea. Nilitembea mpaka Mnazi Mmoja nikarudi, nikatembea tena. Nilikuwa nimekutuma mbele ya watu wasiokujua ukiwa umeubeba uongo wangu mwenyewe, nawe ukautoa mbele yao kwa unyenyekevu kana kwamba ni ungamo lako. Walikuchukua hata hivyo. Walikwisha kuisoma tasnifu yako, nadhani walishangaa.

Jumatatu iliyopita nilikwenda chuoni kumwona Mwenyekiti. Nilikusudia kuungama na kumwomba aandike mahali fulani, popote, kwamba kilichosemwa siku ile hakikuwa kweli. Alinikalisha, akafunga mlango. Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama nilivyowazoesha kukaa darasani. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, tulijua."

Nikamwuliza walijua nini.

"Tulijua si kweli. Wote watatu tulikuwa tumeisoma tasnifu. Nusu yake ni nyaraka." "Lakini Mwalimu, tungekupinga vipi?"

Nikamwambia wangeweza kusema tu kwamba mzee amekosea.

"Nani alitufundisha kusema hivyo?" akaniuliza. Aliuliza kwa adabu kamili, Manka. Hakukuwa na dharau hata chembe. Kisha akaniuliza kama ningependa chai.

Sijapata kupigwa namna ile. Nilikuwa nimeishi miaka miwili nikiamini kwamba niliwadanganya watu watatu. Kumbe sikumdanganya yeyote. Waliujua ukweli, ulikuwa mezani mbele yao umejalidiwa, wakauweka kando kwa sababu mimi nilikuwa nimesema neno, nimeshika kitasa. Miaka thelathini nilisimama mbele ya watu nikawafundisha historia, na hayo ndiyo mavuno. Nawe, uliyeulizia jina la Mreno ukiwa na miaka minane, ndiwe pekee niliyeshindwa kukufundisha kunyamaza.

Kuna jambo moja tena, dogo. Mimi nilipopata kazi katika Idara ile, mhadhara wangu wa majaribio ulikuwa mbaya. Nilisoma karatasi kwa sauti ya kutetemeka, nikapoteza ukurasa. Mwalimu wangu wa zamani alikuwa kwenye kamati, akawaambia wenzake, "Mchukueni, atajifunza." Nilikuja kusimuliwa baadaye. Nililiona jambo hilo kuwa haki yangu. Haikunijia hata siku moja kwamba alikuwa ametoa kitu.

Sasa kwa nini nakuandikia, wakati ningeweza kwenda nayo kaburini, na wewe ukaendelea kuninunulia soksi kila Krismasi? Kwa sababu baada ya wiki moja utasimama mbele ya watoto wa watu wengine. Watakuuliza wewe ni nani na umetoka wapi kuja kuwaambia habari za babu zao. Sitaki usimame pale ukijiona umeingia kwa kuwa hawajakugundua. Huko pia, nasikia, baada ya miaka kadhaa watafunga mlango wakujadili, waamue kama unabaki au unaondoka. Yatakayosemwa mle ndani hutayasikia. Mengine yatakuwa kweli. Mengine yatasemwa na mtu ambaye siku moja, bila kukusudia, uliwafanya watu wamcheke. Sina dawa ya hilo. Na siku moja wewe ndiwe utakayekuwa ndani, umeshika faili la mtoto wa mtu, na umechoka, na unataka kwenda kula. Sikuagizi kitu. Nakuambia tu kwamba kuwaangamiza watu katika chumba kile ni rahisi sana. Hakuhitaji hata kukaa.

Nimemsomea mama yako barua hii mpaka hapa. Alisikiliza akiwa amesimama, taulo begani. Nilidhani atapiga kelele, na ningeshukuru. Aliniuliza jambo moja: "Na baba yangu? Yeye utamwambia nini?" Babu yako amelala Korogwe, na katika kitabu changu hamna nafasi ya jina lake, wala kitabu hakichapwi tena.

Kisha nikamwambia kwamba sasa nataka kuandika maneno ya kukuomba msamaha. Akanikataza.

"Usithubutu," akasema. "Mtoto anaondoka kesho. Ukimwomba atakusamehe mbiombio, ili asiikose ndege. Halafu wewe utalala usingizi, yeye atabaki nayo huko kwenye baridi. Mwache aende na hasira yake, ni mali yake. Akitaka kuitua, ataitua mwenyewe."

Nimemsikiliza mama yako mara chache mno katika maisha haya, na hii ni mojawapo. Kwa hiyo sikuombi. Wala sitakuandikia huko, isipokuwa uanze wewe. Barua ya kukiri nimeipeleka kwa Idara, nakala iko katika bahasha hii, na jina langu litaondolewa kwenye orodha ya wajumbe wa nje. Hilo si malipo. Hakuna atakayekurudishia miaka miwili.

Nilifikiri kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa mbali. Mama yako aliligundua wazo hilo usoni mwangu kabla sijalisema, akalikataa. Utapewa saa kumi na moja alfajiri, pamoja na chai, nawe utakuwa na saa nzima ya kuisoma kabla teksi haijafika. Najua mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumpita baba yake bila kumwamkia, na wewe umelelewa vizuri, na mama yako. Kesho usiponipa shikamoo, sitakuita. Nitachukua sanduku lako nilishushe ngazini, nitalipakia kwenye teksi, kisha nitasogea pembeni ili muagane.

Baba yako